Shajara ya mradi: hesabu za nyumba zahama Microsoft Money kwenda GnuCash

Mahali: Kirumba, Mwanza. Kinachohama: hesabu za kaya moja pamoja na biashara yake ndogo ya dagaa wa Mwaloni, kuanzia Januari 2015 hadi Desemba 2025. Kompyuta ya zamani ni ya mezani, ina Windows 7. Mpya ni laptopu yenye RAM ya GB 8, SSD ya GB 256 na Windows 11. Akaunti ni 9: Benki Mshahara, Benki Akiba, M-Pesa, Airtel Money, Taslimu Nyumbani, Taslimu Dagaa, Kikoba, Mkopo SACCOS na Vipande UTT (vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja).

Sababu ya kuhama ni fupi. Microsoft iliacha kuuza Money, programu yake ya hesabu za nyumbani, tarehe 30 Juni 2009, na mwaka 2010 ikatoa toleo la bure la kuagia, lisilodai kusajiliwa mtandaoni. Windows 7 nayo iliacha kupewa masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Money ingali inafanya kazi, wala hatuilaumu. Tatizo ni kwamba faili lake la .mny kwa kawaida husomwa na Money yenyewe tu. Mashine ile ikizima moja kwa moja, miaka 11 inabaki kwenye kasha lisilo na ufunguo. GnuCash ni programu ya hesabu ya bure, haihitaji intaneti ili ifanye kazi, na faili lake ni XML, maandishi ambayo hata miaka 20 ijayo mtu atayafungua na kuyasoma. Ubaya wake: haina huruma. Kila shilingi lazima iwe na ilikotoka na ilikokwenda, na asiyezoea daftari la pande mbili ataona inamsumbua wiki mbili za kwanza.

Siku ya 1. Kabla ya kugusa chochote

Nakala mbili za faili la .mny zimewekwa kwenye flashi mbili tofauti. Flashi moja imetolewa nje ya nyumba.

Kisha karatasi ya masalio, ambayo ndiyo mhimili wa kazi nzima. Ndani ya Money tumetoa ripoti ya salio la kila akaunti kufikia tarehe 31 Desemba ya kila mwaka. Akaunti 9 mara miaka 11 ni namba 99, zimeandikwa kwenye jedwali moja na kuchapishwa. Wengi huruka hatua hii, huangalia salio la leo tu. Salio la leo linaweza kukubaliana kwa bahati, makosa mawili yakiwa yamefutana. Namba 99 hazina bahati ya namna hiyo, na zikikataa, mwaka zilipoanza kukataa unakuonyesha pa kuchimba.

Wakati wa kutoa ripoti zimeonekana rekodi 14 zenye tarehe 01/01/2009, yaani miaka sita kabla daftari halijafunguliwa. Chanzo ni betri ya CR2032 kwenye ubao mama. Ikiisha, mashine ikichomolewa ukutani husahau tarehe na kurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na Money hujaza tarehe ya mashine kwenye kila muamala mpya bila kuuliza. Betri imebadilishwa. Tarehe za rekodi 14 zimesahihishwa kwa kufuata meseji za simu na risiti. Sahihisha mambo ya aina hii kwenye programu ya zamani, usisubiri kuhama. Ukishahama, kosa la zamani na kosa la uhamisho yanafanana sura. Baada ya masahihisho karatasi ya masalio imetolewa upya.

Siku ya 2. Majina

Makundi ya matumizi yalikuwa 74. Yamebaki 46. Mengi yaliyofutwa yalikuwa jambo moja kwa majina mawili: "Vocha" na "Muda wa maongezi", "Daladala" na "Nauli mjini". Luku imeachwa peke yake na ankara ya MWAUWASA peke yake, maana Luku hulipwa kwanza na maji hulipwa baada, na ukiyachanganya huwezi kujua mwezi gani ulitumia nini.

"Kivuko Busisi" halikufutwa. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kwa hiyo kundi hilo halitaingiza kitu tena, lakini miaka kumi ya nauli ya pantoni imo ndani yake. GnuCash ina alama ya kuficha akaunti. Historia inabaki, jina linatoka machoni.

Jambo lililochukua muda kuliko tulivyodhani ni ritifaa, yaani alama ya ' iliyo kwenye ng'. "Nyama ya ng'ombe" ilikuwepo mara mbili kwenye orodha, na kwa macho zilikuwa sawa kabisa. Moja iliandikwa kwa kibodi, ina ritifaa iliyonyooka. Nyingine ilinakiliwa kutoka Word, na Word huipinda ritifaa yenyewe. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti, basi makundi ni mawili. Ubaya zaidi uko mbele: ritifaa iliyopinda kwenye faili la usimbaji wa zamani wa Windows si UTF-8 halali (usimbaji wa herufi wa programu za sasa), na kiingizaji cha QIF, yaani sehemu ya GnuCash inayosoma mafaili ya maandishi ya kuhamishia hesabu, kisipoielewa huidondosha. Unabaki na "ngombe". Kanda ya Ziwa, penye ng'ombe na majina ya Kisukuma yenye ng' kila ukurasa, hili si jambo la pembeni. Herufi nyingine za Kiswahili hazina taabu yoyote. Hatuna vistari juu ya herufi kama Wafaransa.

Angalizo jingine la majina: QIF huchukulia mkwaju kuwa mwisho wa jina la kundi na mwanzo wa daraja, na nukta mbili kuwa mgawanyo wa kundi na kundi dogo. Kundi likiitwa "Maji/Umeme" litafika likiitwa "Maji". Tumia neno "na".

Siku ya 3. Kutoa QIF

Money hutoa QIF akaunti moja kwa wakati mmoja. Hakuna njia ya kutoa zote kwa pamoja, kwa hiyo zoezi limerudiwa mara 8. Vipande UTT havikutolewa. Ununuzi wake ni mistari 31 tu na tutauandika kwa mkono. Mistari ya uwekezaji kwenye QIF ina ukorofi wake ambao hauna thamani ya mistari 31.

Kila faili limepewa jina la akaunti yake herufi kwa herufi: "Benki Akiba.qif", "Mkopo SACCOS.qif". Sababu: faili lenyewe halikuja na kichwa kinachotaja jina la akaunti, lakini ndani ya mafaili mengine uhamisho unaelekeza kwa jina, ndani ya mabano ya mraba. Ukiliita faili "Akiba" huku mafaili mengine yanasema "Benki Akiba", GnuCash inaweza kufungua akaunti mbili na pesa zako zitagawanyika pasipo wewe kujua.

Rekodi moja inaonekana hivi:

D05/01/2022
CX
T-85,000.00
PRejesho la mkopo
L[Mkopo SACCOS]
^

D ni tarehe, T kiasi, P mlipwaji, L kundi au akaunti ya upande wa pili, CX maana yake imeshaoanishwa na taarifa ya benki, na ^ hufunga rekodi. Angalia kisichokuwemo. Hakuna sarafu. Hakuna pahali panaposema kama 05/01 ni tarehe 5 Januari au 1 Mei. Malipo ya kujirudia na bajeti pia hayasafiri ndani ya QIF. Yameandikwa kwenye karatasi ili yaundwe upya.

Hesabu ya rekodi kwa kutumia dirisha la amri:

find /c "^" *.qif

Jumla ya mafaili 8: rekodi 7,412. Halafu mistari inayoanza na L[ ni 2,220. Kati ya hiyo, 8 ni masalio ya kuanzia, ambayo kila akaunti hujitaja yenyewe. Iliyobaki 2,212 ni uhamisho, na kila uhamisho umeandikwa mara mbili, mara moja kila upande. Kwa hiyo uhamisho halisi ni 1,106, na miamala inayotarajiwa upande wa pili ni 7,412 kutoa 1,106, sawa na 6,306. Hesabu hii ni halali hapa kwa kuwa miamala yote iliyogawanywa ilikuwa ya matumizi matupu, ukigawanya muamala na sehemu yake moja ikawa uhamisho, hesabu pia mistari ya S[, ambayo ni sehemu za muamala uliogawanywa. Namba 6,306 imeandikwa chini ya karatasi ya masalio.

Mwisho wa siku, kila faili limefunguliwa kwa kihariri cha maandishi cha Notepad++, ritifaa zilizopinda zimebadilishwa kuwa zilizonyooka, na faili kuhifadhiwa kwa UTF-8.

Siku ya 4. Laptopu

Saa za eneo: UTC+03:00 Nairobi. Muundo wa tarehe: siku, mwezi, mwaka. Koma kwa maelfu, nukta kwa senti. Haya yamepangwa kabla ya kusakinisha GnuCash, maana programu huchukua desturi zake za mwanzo kutoka Windows.

Ndani ya GnuCash, muundo wa tarehe kwenye Preferences umewekwa UK. Sarafu: TZS. Hapa pana mtego. Laptopu nyingi zinazouzwa mjini huja zimepangwa kwa Kiingereza cha Marekani, na GnuCash hupendekeza dola. Ukikubali kwa haraka, akaunti ikishapata muamala wa kwanza sarafu yake haibadilishiki tena. Utaanza upya.

Muundo wa faili: XML, si SQLite (hifadhidata ndani ya faili moja). SQLite huandika kila badiliko papo hapo, jambo zuri umeme unapokatika, lakini XML huacha nakala yenye tarehe na saa kila unapohifadhi, na kwa kawaida huziweka siku 30. Wakati wa uhamisho, uwezo wa kurudi nyuma saa mbili una thamani kubwa kuliko yote.

Miti mitano ya akaunti imeandikwa kwa Kiswahili: Mali, Madeni, Mapato, Matumizi, Mtaji.

Siku ya 5. Jaribio la kwanza

File, Import, Import QIF. Mafaili yote 8 yamepakiwa kwenye kikao kimoja, kabla ya kubofya kuendelea. Hili ni la lazima: ndani ya kikao kimoja kiingizaji hulinganisha pande mbili za uhamisho na kuziunganisha kuwa muamala mmoja. Ukiingiza moja moja unategemea hatua ya mwisho ya kutafuta zinazorudiwa, na utakaa ukipitisha jicho kwenye mistari zaidi ya elfu moja.

Kupakia kumechukua dakika chache. Ramani ya makundi kwenda akaunti: saa moja na nusu, nyingi zikiwa kwenye makundi 46. Miamala isiyo na kundi imepelekwa "Matumizi:Hayajulikani" ili isizagae. Masalio ya kuanzia yameelekezwa "Mtaji:Masalio ya mwanzo".

Mizania ya leo: Benki Mshahara imekataa. Mkopo SACCOS, uliolipwa ukaisha Desemba 2023, unaonyesha kwamba SACCOS ndiyo inayodaiwa sh 1,870,000. Habari njema mno kuwa kweli.

Siku ya 6. Kosa liko wapi

Karatasi ya masalio imefanya kazi yake. Benki Mshahara:

Mwisho wa 2015 hadi 2021: sawasawa.
Mwisho wa 2022: pungufu 935,000.
Mwisho wa 2023: pungufu 1,870,000.
Mwisho wa 2024 na 2025: pungufu 1,870,000.

Tofauti inayokua miaka miwili kisha ikatulia si makosa ya kutawanyika, ni jambo moja lenye mwanzo na mwisho. Mkopo ulidumu miaka hiyohiyo miwili: 1,700,000 pamoja na riba 340,000, jumla 2,040,000, ikalipwa 85,000 kila tarehe 5 kwa miezi 24. Ugawe 935,000 kwa 85,000 unapata 11. Kumi na moja, si kumi na mbili. Hapo ndipo fumbo lilipojifungua.

Faili la mkopo lilikuwa na tarehe 12/12/2021 ya kupokea, kisha 05/01, 05/02, 05/03 mpaka 05/12, miaka miwili. Hakuna hata namba moja inayozidi 12. Mafaili mengine yana tarehe 17, 23, 30, hivyo kiingizaji kilijua chenyewe kwamba siku inatangulia mwezi. Kwa faili hili kilishindwa kuamua, kikauliza, na jibu la juu kabisa kwenye orodha ni mwezi-siku-mwaka. Limekubaliwa hilo. Marejesho ya mwaka mzima yakasongamana mwezi Mei, tarehe 1 hadi 12. Yakawa hayalingani tena na yale ya upande wa benki, hivyo hayakuunganishwa, yakaingia kama malipo mapya. Isipokuwa moja: tarehe 5 Mei husomeka vilevile ukiigeuza, ikaungana na mwenzake kama kawaida. Na 12/12 pia. Ndiyo maana 11 kwa mwaka.

Namba ya miamala inathibitisha. Nakala ya kitabu imehifadhiwa kwa SQLite na kufunguliwa kwa DB Browser, programu ya kusoma mafaili hayo, amri "select count(*) from transactions". Jibu: 6,328. Zimezidi 22, ambazo ni 11 mara mbili.

Kwa anayefanya kazi hii: faili la kuogopa ni dogo, lenye malipo ya mwanzoni mwa mwezi. Kodi ya pango, mkopo, ada. Faili kubwa hujitetea lenyewe.

Siku ya 8. Jaribio la pili

Hatukufuta miamala 22 kwa mkono. Kitabu kimetupwa, kingine kimeanzishwa upya, mafaili 8 yamepakiwa tena. Kurekebisha juu ya uhamisho mbovu kunaacha mabaki usiyoyaona. Mara ya pili ramani ya makundi imechukua dakika 10 tu, GnuCash hukumbuka majibu ya awali.

Swali la tarehe limejibiwa siku-mwezi-mwaka. Miamala: 6,306.

Namba 88 za masalio ya akaunti 8: 86 zimelingana. Mbili zilizokataa ni Taslimu Nyumbani, 2017 na 2018, kwa 40,000. Kufikia mwisho wa 2019 zimekubaliana tena. Sababu: muamala mmoja uliorekodiwa kwenye Money kwa kosa, ukasahihishwa baadaye kwa muamala wa kinyume. Ripoti ya zamani ilichuja aina hiyo ya marekebisho, mizania ya GnuCash haichuji kitu. Imeachwa ilivyo, na maelezo yameandikwa kwenye muamala wenyewe.

Siku ya 9. Vipande

Mfuko wa UTT AMIS umefunguliwa kwenye Security Editor kama hisa ya aina ya mfuko, sehemu ndogo kabisa 1/10000, kwa sababu vipande huja na desimali. Akaunti yenyewe imewekwa chini ya Mali kwa aina ya Mutual Fund.

Kuandika ununuzi: jaza idadi ya vipande na jumla ya shilingi zilizolipwa, bei ya kipande iache programu ikokotoe. Taarifa ya mfuko huchapa vipande na shilingi kwa ukamilifu, lakini bei huwa imekatwa desimali. Ukijaza zote tatu, mara nyingi hazikubaliani, na GnuCash itakuuliza ibadilishe ipi. Ukichagua vibaya unabadilisha idadi ya vipande ulivyonavyo, kwenye daftari.

Mistari 31 imeingia, jumla ikakosea vipande 27. Tofauti inayogawanyika kwa 9 ni dalili ya zamani ya wahasibu: tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Imetafutwa ndani ya dakika tano: 1,425 badala ya 1,452. Kosa la aina hii ni la mkono wa mtu. Ulikuwa ni mstari ulioandikwa saa tano usiku.

Namba 99 zimekamilika. Kuanzia hapa Money haipokei muamala mpya.

Siku ya 11. Taarifa za simu

Huu ndio uwanja mpya, kwa sababu Money tulikuwa tukijaza kwa meseji, mmoja mmoja. Sasa tunataka kuingiza taarifa ya mwezi kwa CSV, jedwali la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma.

Taarifa huja kama PDF. Programu ya Tabula hulitoa jedwali na kulitengeneza CSV, mradi PDF iwe ya maandishi halisi. Iliyopigwa picha haisomi. Kisha usafi:

Kata saa, acha tarehe. Futa mistari ya kichwa inayorudiwa kila ukurasa. Hakikisha kiasi chenye koma za maelfu kimezungukwa na alama za kunukuu, vinginevyo 1,250,000 inagawanyika safu tatu. Namba za kumbukumbu ziwekwe kuwa maandishi kabla ya kufungua kwa Excel: Excel hushika tarakimu 15 tu za namba, zinazozidi inazigeuza sifuri, na ukihifadhi zimepotea kabisa. Bora kutoitumia Excel kabisa, tumia Notepad++ kwa usafi mdogo.

Kwenye kiingizaji cha CSV cha GnuCash safu ya salio isipewe kazi yoyote. Kazi yake ni moja, kulinganisha mwisho.

Makato yanahitaji uangalifu wake. Kuna taarifa zinazoweka ada kwenye safu yake, na kuna zinazoiweka kama mstari unaojitegemea wenye namba ileile ya risiti. Ya kwanza inahitaji kugawa muamala: kiasi alichopewa mtu, na ada kwenda "Matumizi:Makato ya simu". Ya pili haihitaji kitu. Ukichanganya utahesabu ada mara mbili. Kutoa kwa wakala si matumizi, ni uhamisho kutoka M-Pesa kwenda Taslimu Nyumbani. Ada peke yake ndiyo matumizi. Tumekuta kaya nyingi zikiandika kutoa kwa wakala kama "matumizi" na baadaye kuandika tena soko lililonunuliwa kwa pesa hizohizo, kisha zikashangaa mshahara unaisha mara mbili.

Kiingizaji hujifunza. Mwezi wa kwanza kila mstari unapangiwa akaunti kwa mkono. Mwezi wa pili tayari kinakisia, na wa tatu ni wachache tu wanaokosewa. Mpangilio wa safu umehifadhiwa kwa jina, moja kwa M-Pesa, jingine kwa Airtel Money, kwani safu zao hazifanani.

Siku ya 12. Umeme na kufuli

Laptopu imezimika betri ikiwa tupu, GnuCash ikiwa wazi. Ilipofunguliwa tena imesema faili limefungwa na mtumiaji mwingine. Hakuna mwingine, ni faili la kufuli la .LCK lililobaki. Bofya Open Anyway. Miamala 6 haikuwa imehifadhiwa, imerudishwa kwa File, Import, Replay GnuCash .log file, kwa kuchagua faili la .log (kumbukumbu ya mabadiliko) la karibuni zaidi. Muda wa faili kujihifadhi lenyewe umepunguzwa kutoka dakika 5 hadi 2.

Siku ya 14. Dagaa na mwezi

Biashara imetengwa na nyumba ndani ya kitabu hichohicho: Mapato:Dagaa, Matumizi:Dagaa yenye matawi Manunuzi, Magunia, Vibarua wa kuanika, Usafiri. Taslimu Dagaa haichanganyiki na Taslimu Nyumbani hata kwa noti moja. Anayechukua ya mboga huandika uhamisho. Dagaa wanaopikwa nyumbani hutolewa Manunuzi na kuingizwa "Chakula:Kitoweo" kwa bei ya kununulia. Usipofanya hivyo biashara inaonekana mbovu na jiko linaonekana rahisi.

Ripoti ya mapato ya kila mwezi ilipotoka ilikuwa kama meno ya msumeno, na kwa dakika kumi tulitafuta kosa la uhamisho. Hakuna kosa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka samaki hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inakaa pwani. Mzunguko huo ni wa siku 29 na nusu hivi, kalenda ina 30 na 31, kwa hiyo upo mwezi unaobeba giza karibu lote na mwingine unaogawana na jirani yake. Ripoti ya dagaa imewekwa kwa robo mwaka, ambayo hubeba miezi mitatu ya angani na ziada ya siku mbili tatu. Meno yamepungua sana. Ripoti ya nyumba imebaki ya kila mwezi, mshahara haujali giza.

Siku ya 15. Yanayojirudia

Scheduled Transactions: Kikoba 10,000 kila Jumamosi, ada ya shule Januari na Julai, ukumbusho siku 21 kabla, king'amuzi kila mwezi. Luku haikuwekwa, haina siku. Malipo yenye kiasi kinachobadilika yamewekwa yaulize kabla ya kuingia, yasijiandike yenyewe.

Siku ya 30. Mwezi wa kwanza

Kuoanisha na taarifa ya Benki Mshahara: salio la mwisho limejazwa, mistari imetikiwa, tofauti 0.00 baada ya kuongeza ada moja ya benki iliyosahaulika. M-Pesa: 0.00. Airtel Money: tofauti 500, vocha iliyonunuliwa moja kwa moja kutoka salio la simu. Taslimu Nyumbani: pungufu 3,200, imepelekwa "Hayajulikani", ndiyo kawaida ya taslimu.

Nakala: kila Jumapili faili linakopiwa kwenye flashi na kwenye hifadhi ya mtandaoni, GnuCash ikiwa imefungwa. Halifanyiwi kazi likiwa ndani ya folda inayojisawazisha yenyewe.

Mashine ya mezani imechomolewa intaneti. Faili la .mny limewekwa la kusoma tu, na ripoti za kila mwaka zimechapishwa PDF na kuhamishiwa laptopu. Bado: kuunganisha picha za risiti za ada ya shule na miamala yake, na kufungua akaunti ya shilingi ya Kenya kwa wateja wa dagaa wanaolipa kwa noti hizo, baada ya kuamua kiwango cha kubadilishia kitaandikwa cha siku ya kuuza au cha siku ya kubadilisha dukani.